Umebadilisha Sproketi, Pikipiki ya Safari Imebadilika Tabia: Dalili na Vyanzo Vyake

Mtu amefunga sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele yenye meno 16 badala ya 15 ili injini ipumzike kwenye lami ndefu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Siku chache baadaye yuko kwa fundi na malalamiko matatu: pikipiki inavuma, cheni inalegea na kukaza, na mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, haupandiki kama zamani. Fundi anamwambia arudishe sproketi ya zamani. Ushauri huo utatibu lalamiko moja tu, lile la mlima. Mengine mawili yatabaki palepale, kwa sababu hayakuletwa na idadi ya meno.

Hilo ndilo ningependa msomaji alishike kabla hajashika spana. Idadi ya meno hubadilisha hasa mambo manne: mizunguko ya injini kwa mwendo fulani, nguvu inayofika kwenye tairi la nyuma, namna injini inavyoizuia pikipiki mteremkoni ukiachia mafuta, na kwa baadhi ya pikipiki, usomaji wa spidomita. Kelele, cheni kuruka, oili kuvuja, kusagika kwa kava na mishtuko ya kuchukua na kuachia mafuta mara nyingi hutokana na ufungaji, urefu wa cheni, au vipuri vilivyokuwa vimekwisha kuchoka kabla hujavigusa. Ukishayatenganisha makundi hayo mawili, utafutaji unakuwa mwepesi sana.

Hesabu kwanza

Mfano wangu ni Kawasaki KLR650, ile ya kabureta iliyouzwa kuanzia 1987 hadi 2018. Ni pikipiki ya safari isiyo na mambo mengi, na wenye nayo wamekuwa wakibadilisha sproketi tangu zamani. Kutoka kiwandani ina meno 15 mbele na 43 nyuma, na cheni ya saizi ya 520 yenye pingili 106. Gawanya 43 kwa 15, unapata 2.87. Maana yake sproketi ya mbele huzunguka mara 2.87 ili tairi lizunguke mara moja.

Ukiweka 14 mbele, uwiano unakuwa 3.07: pikipiki inavuta zaidi, injini inazunguka zaidi. Ukiweka 16 unakuwa 2.69: injini inatulia, mvuto unapungua kwa asilimia 6 hivi. Jino moja la mbele ni sawa na takriban meno matatu ya nyuma, ndiyo sababu watu huanzia mbele. Ni rahisi, na badiliko linahisika mara moja. Anayetaka badiliko dogo kuliko hilo aguse sproketi ya nyuma.

Kwa mizunguko, huhitaji kujua uwiano wa gia za ndani. Angalia tu mita ya mizunguko kwenye mwendo wako wa kawaida. Ikiwa ilikuwa inasoma 4500 na sproketi ya 15, kwa mwendo uleule itasoma kama 4220 ukiwa na 16, na kama 4820 ukiwa na 14. Kama namba unazoziona ziko mbali na hesabu hii, simama hapo kwanza. Ama klachi inateleza, ama sproketi uliyoitoa haikuwa ya 15. Hesabu meno kwa macho yako mwenyewe, hasa kwa pikipiki iliyopitia mikononi mwa wengine, kwa kuwa mwenyewe wa kwanza huenda alibadilisha bila kukuambia.

Tairi nalo ni sehemu ya uwiano. Kutoka tairi la saizi ya 130/80-17 kwenda 140/80-17 kunaongeza kipenyo kwa asilimia 2.5 hivi, karibu sawa na kupunguza jino moja nyuma. Aliyebadilisha tairi na sproketi siku moja atahangaika kujua kipi kimeleta nini. Badilisha kimoja, safiri nacho, kisha gusa kingine.

Mtetemo umeongezeka, au umehamia mwendo mwingine

Kabla ya kufungua chochote, jiulize swali moja: mtetemo unafuata mizunguko ya injini au unafuata mwendo wa barabarani? Badiliko la uwiano hurahisisha kulijibu, kwa sababu limevitenganisha vitu viwili vilivyokuwa vinatembea pamoja.

Tuseme zamani mikono ilikuwa inakufa ganzi ukifika kilomita 90 kwa saa. Baada ya kufunga 14, ganzi inaanza kwenye 84. Baada ya kufunga 16, inaanza kwenye 96. Hapo mtetemo ni wa injini yenyewe, umebaki kwenye mizunguko ileile na umehamia mwendo mwingine tu. Injini ya silinda moja kubwa ina ukanda wake wa kutetemeka, na wajibu wa mwenye pikipiki ni kuchagua meno yatakayouweka ukanda huo mbali na mwendo anaousafiria kwa saa nyingi. Kwa msafiri, hii ni sababu nzuri ya kuchagua sproketi kuliko hata kuokoa mafuta.

Mtetemo ukibaki kwenye kilomita 90 zilezile bila kujali meno mangapi, injini haihusiki. Angalia tairi, balansi, beringi za gurudumu, rimu, na cheni.

Na kama mtetemo ni mpya kabisa, unaosikika miguuni zaidi kuliko mikononi, na umeanza siku ya kufunga sproketi ndogo, kuna sababu nyingine ya kweli. Cheni haipandi kwenye duara; inapanda kwenye umbo la pembe nyingi, na kadiri meno yanavyopungua ndivyo pembe zinavyokuwa kali. Kwa sproketi ya meno 16, mwendo wa cheni hupanda na kushuka kwa karibu asilimia 1.9 kila jino linapopita. Kwa 14 ni asilimia 2.5, na kwa 12 inafika 3.4. Isitoshe, kila pingili inakunjwa kwa pembe kubwa zaidi, na mvuto kwenye cheni unaongezeka kwa nguvu ileile ya injini. Ndiyo maana sishauri mtu wa safari ndefu ashuke chini ya 14 mbele kwenye pikipiki ya aina hii. Akitaka mvuto zaidi ya hapo, aongeze meno nyuma.

Haipandi milima, klachi inanuka

Hii ndiyo dalili ya haki ya uwiano mrefu, lakini mara nyingi uwiano unabeba lawama za wengine.

Chukua huyo wa Kitonga. Injini isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia hewa) hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, maana hewa inapungua. Iringa mjini iko juu ya mita 1500. Kwa hiyo pikipiki iliyojaribiwa Dar na kuonekana inavuta vizuri na meno 16, ikifika Iringa imeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu kabla sproketi haijachukua asilimia 6 zake. Ongeza abiria, masanduku mawili ya pembeni na upepo wa mbele. Jaribio la sproketi lifanyike na mzigo wa safari, kwenye mlima wa safari, siyo peke yako barabara ya Bagamoyo Jumapili asubuhi.

Kama gia ya mwisho haivuti lakini ya chini yake inapanda kwa raha, hakuna ubovu wowote. Shusha gia. Uwiano mrefu unataka mpandaji anayeshusha gia mapema. Ukishikilia gia ya juu huku mafuta yamefunguliwa yote na injini inagonga kwa chini, unaipasha moto na kuinywesha petroli bila faida. Hapo ndipo linapozuka lalamiko la mafuta. Mtu alitegemea kuokoa lita, akakuta anatumia zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya njia yake ni milima na alikuwa anasafiri na mafuta wazi. Meno 16 yanaokoa kwenye tambarare na mwendo ule ule wa zamani. Ukitumia utulivu wa injini kama ruhusa ya kuongeza mwendo, upepo utakula kila ulichookoa.

Tofauti ni pale mizunguko inaporuka juu bila mwendo kuongezeka. Jaribu hivi: ukiwa gia ya nne au ya tano, mwendo wa kati, fungua mafuta yote kwa mkupuo. Sindano ya mizunguko ikikimbia na pikipiki isikimbie nayo, klachi inateleza. Uwiano mrefu huifichua klachi dhaifu, maana kuondoka na mzigo kwenye mwinuko sasa kunataka kuitelezesha muda mrefu zaidi. Angalia kwanza kebo ya klachi kama ina uhuru kidogo kwenye mkono. Kisha angalia oili: klachi ya KLR, kama za pikipiki nyingi, inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano inaiponza. Kopo liwe na alama ya JASO MA, ya oili inayofaa klachi ya namna hii. Baada ya hayo mawili ndipo ufikirie kubadilisha sahani za klachi.

Mteremkoni, kumbuka upande wa pili wa hesabu. Meno 16 yanapunguza uzuiaji wa injini, na anayeshuka Kitonga na gia ileile aliyoizoea ataona anategemea breki kuliko zamani. Shuka na gia moja chini zaidi.

Cheni inakaza sehemu moja na kulegea nyingine

Hili ndilo tatizo linalotafutwa vibaya kuliko yote, na linataka chaki tu.

Zima injini na weka gia huru. Inua gurudumu la nyuma na lizungushe kwa mkono. Usifanye kazi hii injini ikiwa inaunguruma na gia imeingia, hata kama umeona mafundi wakifanya hivyo wakati wa kusafisha cheni. Kitambaa kikinaswa kati ya cheni na sproketi, kidole kinafuata, na sproketi hukata.

Tafuta mahali cheni inapokaza zaidi. Weka alama ya chaki kwenye pingili iliyo katikati ya sehemu ya chini, na alama nyingine kwenye tairi ikielekea chini. Endelea kuzungusha. Kwa cheni ya pingili 106 na sproketi ya nyuma ya meno 43, cheni humaliza mzunguko wake baada ya tairi kuzunguka karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo alama hizo mbili haziendi pamoja.

Ukazo ukirudi kila alama ya tairi inaporudi chini, sproketi ya nyuma haiko katikati, imepinda, au gurudumu lina kasoro kwenye habu, yaani kitovu chake. Legeza nati za sproketi ya nyuma, hakikisha hakuna uchafu wala rangi nene chini yake, kisha kaza kwa kuvukana, moja kisha ile ya upande wa pili. Ukazo ukirudi na alama ya cheni, cheni imechakaa kwa kutolingana au ina pingili zilizoganda, na hakuna sproketi mpya itakayoiponya. Ukazo ukirudi karibu mara tatu katika mzunguko mmoja wa tairi, shaka iwe kwenye sproketi ya mbele.

Cheni yenye sehemu zilizokaza na zilizolegea hurekebishwa kwa kufuata pale inapokaza zaidi. Anayerekebisha kwa kufuata pale ilipolegea anaiua shafti ya gia.

Kuvuma kunakoongezeka na mwendo

Ukiwa kwenye mwendo, vuta klachi na uache injini ilie taratibu. Sauti ikiendelea kufuata barabara, iko kwenye cheni, sproketi, gurudumu au tairi. Ikikatika, iko upande wa injini, au ni sauti ya cheni inayotokea ikibeba nguvu tu.

Sababu ya kwanza ya kuvuma baada ya kubadilisha sproketi ni cheni iliyokazwa mno. Sproketi ya mbele, ekseli ya nyuma na pale uma wa nyuma (mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma) unapofungwa kwenye fremu haviko mstari mmoja wakati pikipiki imesimama bila mzigo. Shokapu ikibonyea, vitu hivyo vitatu vinakaribia kunyooka, umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka, na cheni inakaza. Cheni inayoonekana imekaa vizuri pikipiki ikiwa tupu inaweza kuwa waya wa gitaa ukishapakia masanduku na abiria. Fuata kipimo cha kitabu au cha kibandiko kilichopo kwenye uma, kisha mpakie mtu na mizigo yote na uhakikishe bado cheni inacheza. Kwa pikipiki ya safari, kipimo hiki cha pili nakithamini kuliko cha kwanza.

Sababu ya pili ni sproketi ya mbele isiyo na raba. Sproketi nyingi za kiwandani zina duara la raba lililobandikwa ubavuni ili kupunguza sauti ya cheni inapotua, na nyingi za bei nafuu hazina. Kelele hiyo haidhuru. Kama kila kitu kingine kiko sawa, iache.

Ya tatu inadhuru: sproketi imefungwa kinyume. Baadhi ya sproketi za mbele zina kitovu kilichotokeza upande mmoja, na ukiigeuza, meno yanahama milimita kadhaa kutoka mstari wa cheni. Chungulia kutoka nyuma ukifuata mstari wa cheni. Kama ubavu mmoja wa meno unang'aa na mwingine hauna alama, cheni inavutwa pembeni. Ikiwa sproketi iko sawa, pima umbali kutoka katikati ya bolti ya uma hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto. Alama zilizochorwa kwenye uma na kiwanda si za kuaminika sana, na kubadilisha sproketi lazima kumeisogeza ekseli.

Ya nne ni cheni na sproketi zisizo za saizi moja. Cheni za 520, 525 na 530 zote zina urefu uleule wa pingili, milimita 15.875, kwa hiyo zinaweza kuonekana zinakubaliana. Kinachotofautiana ni upana wa ndani: milimita 6.35, 7.94 na 9.53. Cheni ya 525 itakaa kwenye sproketi ya 520 na kuyumba pembeni njia nzima. Soma namba kwenye cheni na kwenye sproketi zote mbili.

Ekseli imefika mwisho, au cheni haifiki

Kwa cheni za pingili za milimita 15.875, kila jino moja unaloongeza au kupunguza, mbele au nyuma, linasogeza ekseli kwa karibu milimita 4. Jino likiongezeka, ekseli inakwenda mbele; likipungua, inarudi nyuma. Kwa cheni ya 428, ile ya pikipiki nyingi za bodaboda, ni milimita 3 na kidogo.

Kwa hiyo anayefunga 14 juu ya cheni iliyokwisha kurefuka anaweza kufika mwisho wa marekebisho, na anayefunga 16 pamoja na meno zaidi nyuma anaweza kukuta cheni haikutani. Cheni hukatwa au kuongezwa kwa pingili mbili mbili, na pingili mbili zinalingana na meno manne hivi, yaani ekseli kusogea karibu milimita 16. Fanya hesabu hii kabla ya kununua, hasa kama duka la vipuri liko siku nzima ya safari kutoka kwako.

Ekseli ikisogea mbele sana, tairi pana linaweza kugusa uma au madigadi, hasa likiwa na matope. Ikirudi nyuma, pikipiki inanyooka vizuri zaidi kwenye mwendo na kugoma kidogo kwenye kona. Watu wachache husikia milimita 4. Lakini baada ya kila badiliko hakikisha mpira wa breki ya nyuma haujakazwa na sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kufunga ukipiga breki), kama ipo, bado inaielekea pete yake.

Cheni inaruka, au inakwaruza

Cheni ikiruka meno ukifungua mafuta, mara nyingi ni ya zamani juu ya sproketi mpya. Pingili zilizorefuka hazikai kwenye nafasi kati ya meno mapya; zinapanda juu ya jino na kulipinda. Pima: nyoosha cheni, pima pingili 20 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Cheni mpya ya saizi hii ina milimita 317.5. Kikomo cha Kawasaki ni 323. Kwa safari ndefu, cheni iliyokaribia hapo sianzi nayo, na sproketi mpya siifungi juu yake.

Kukwaruza kwenye uma, hasa baada ya kupunguza meno mbele, ni cheni kushuka na kulala juu ya raba inayoulinda uma. Raba hiyo imewekwa kwa ajili hiyo, lakini kwa sproketi ndogo inalika haraka. Ikiisha, cheni inaanza kula chuma. Kukwaruza kwa mbele, baada ya kuongeza meno, ni cheni kugusa kava au kulamba matope yaliyoganda ndani yake. Safisha kava kabla ya kulirudisha, na zungusha tairi kwa mkono mzunguko kamili wa cheni ukisikiliza.

Loki ya cheni ikitumia klipu, upande uliofungwa uelekee cheni inakokwenda. Klipu iliyowekwa kinyume huanza kutoka yenyewe ikigusa kitu.

Mishtuko ya kuchukua na kuachia, na nati ya mbele

Pikipiki ikigonga kila ukifungua na kuachia mafuta, usikimbilie cheni. Shika tairi la nyuma na sproketi yake, moja kwa kila mkono, na uvichezeshe kinyume. Mchezo mkubwa hapo ni raba za habu zilizochoka. Zikiwa mpya, mishtuko mingi huisha.

Kisha nenda mbele, na hapa nakuomba usiharakishe. Shika sproketi ya mbele na uichezeshe. Zipo pikipiki, nyingi zikiwa ndogo, na Honda za jamii ya XR pia, ambazo sproketi inazuiwa na bamba lenye bolti mbili. Hizo zina mchezo kidogo wa pembeni kwa asili. Lakini pikipiki yenye nati kubwa katikati, kama KLR, haitakiwi kuwa na mchezo wowote. Vumbi la rangi ya kutu kati ya sproketi na meno ya shafti ni ushahidi kwamba vinasagana. Ukiacha, meno ya shafti yanalika, na shafti hiyo haitoki bila kuipasua injini. Sproketi ikichomoka mwendoni, cheni inaweza kufunga gurudumu au kuvunja ukuta wa injini.

Nati hulegezwa kabla ya kutoa cheni, breki ya nyuma ikiwa imekanyagwa na gia imeingia, na hukazwa kwa namna hiyohiyo. Tumia spana ya kupimia nguvu na namba ya kitabu cha pikipiki yako. Washa ya kufungia ikunjwe upya kwenye ubapa wa nati, na ikiwa imekunjwa mara nyingi, nunua mpya. Baada ya safari ya kwanza fungua kava, angalia tena.

Oili ikionekana nyuma ya sproketi ya mbele siku chache baada ya kazi, sili (raba inayozuia oili kutoka) imeguswa na bisibisi, imeingiwa na mchanga wakati wa kusafisha, au cheni iliyokazwa mno inaivuta shafti pembeni. Rekebisha cheni kwanza. Sili mpya kwenye shafti inayovutwa itavuja tena.

Spidomita haikubaliani na simu

Kwenye KLR ya kabureta, spidomita inaendeshwa na kebo kutoka gurudumu la mbele. Sproketi haiigusi. Ikidanganya, ilikuwa inadanganya tangu mwanzo, au tairi la mbele limebadilishwa saizi.

Pikipiki nyingi nyingine husoma mwendo kwenye shafti ya gia. Hizo hudanganywa na kila badiliko. Kutoka 15 kwenda 14, ukienda 100 kweli itasoma kama 107. Kutoka 15 kwenda 16 itasoma kama 94, na hiyo ndiyo hatari, kwa sababu unaingia kijijini ukiamini uko ndani ya 50 na hauko. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu: mita ikionyesha 6000 tangu oili ya mwisho, umetembea 6400. Pima kwa GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka, mwendo usiobadilika, kisha andika tofauti kwenye karatasi na uibandike mahali unapoiona. Kwenye pikipiki hizo, taa ya kuonyesha gia nayo inaweza kusoma vibaya kama inakokotoa kutokana na mizunguko na mwendo. ABS inayosoma magurudumu haiathiriki.

Pikipiki ya shafti

Kwenye pikipiki isiyo na cheni, inayozungusha gurudumu kwa shafti, kama Honda Gold Wing au BMW za zamani za silinda mbili zilizopozwa kwa hewa, huwezi kubadilisha jino moja. Unabadilisha kisanduku kizima cha gia ya nyuma, au gia mbili za ndani zikiwa pacha, ambazo hupangwa kwa vipimo vidogo sana na fundi mwenye vifaa. Kwenye BMW hizo uwiano umegongwa kwenye kisanduku kama sehemu: 32/10 ni 3.20, 33/11 ni 3.00, 32/11 ni 2.91. Soma alama hiyo kabla ya kulipa, maana kwa nje visanduku vinafanana.

Baada ya kubadilisha, kulia kwa sauti nyembamba ukivuta na kunyamaza ukiachia ni dalili kwamba gia hazikupangwa sawa. Moto usiovumilika kwa kiganja baada ya mwendo mfupi ni oili pungufu au beringi iliyokazwa mno. Chuma kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili kiangaliwe: unga laini ni wa kawaida, vipande havikubaliki. Spidomita ya BMW hizi huendeshwa kutoka kwenye giaboksi, na usoni mwake imeandikwa namba ndogo inayoanza na W, inayolingana na uwiano wa kisanduku. Ukibadilisha kisanduku tafuta spidomita yenye W inayolingana, au mpelekee fundi wa mita aipime upya.